HABARI ZA SUNGURA WA NYUMBANI

Karatasi hii mliyo nayo mkononi ina maneno yale yale mnayoyasikia katika redio, ili jicho lifuatane na sikio. Someni polepole. Neno likikushinda, lipigie mstari, na mwalimu atalieleza baadaye.

Somo la leo ni habari za sungura anayefugwa nyumbani. Najua wako watakaocheka na kusema, "Sungura? Sisi tumekuja kujifunza mambo ya watu wazima!" Ngojeni kidogo. Mimi nilipokuwa kijana nilipewa sungura wawili na jirani yetu, naye akaniapia kwamba wote wawili ni majike. Nikawatia katika kizimba kimoja. Haikupita miezi miwili nikakuta manyoya yamerundikana pembeni, na chini yake watoto sita, hawana hata unywele mmoja. Nilipokuwa bado nashangaa, mama yao alikwisha kushika mimba nyingine. Nilizunguka mtaa mzima nikiwabembeleza watu wanichukulie mmoja mmoja. Waliokubali upesi walikuwa wale waliokwisha kubandika sufuria.

Kwa siku nyingi nilidhani ujinga ule ni wangu peke yangu. Baadaye niliposoma habari za kale, nikaona nina wenzangu wengi, na baadhi yao ni watu wakubwa.

Lakini kwanza tutengeneze jambo la jina. Katika Kiswahili neno "sungura" huitwa wanyama wawili. Yule mjanja wa hadithi zetu, anayemdanganya simba na fisi, ni mnyama wa porini wa hapa Afrika. Yeye hakai katika mashimo ya kuchimba, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho yamefumbuka. Huyu wa kizimbani ni mwingine kabisa. Asili yake ni Hispania, Ureno na kusini ya Ufaransa. Huyu huchimba mashimo, hukaa na wenzake wengi, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Wawili hawa hawazaliani. Sungura wote wa kufugwa, wakiwa weupe, weusi, wadogo kama ngumi mbili au wakubwa wenye masikio ya kulala, wametokana na yule wa Ulaya.

Waliofuga sungura na kuacha maandishi ni Warumi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Walijenga viwanja vyenye kuta ndefu, wakawatia humo wale wanyama wapate nyama karibu. Na tangu zamani hizo hizo twasikia kilio cha kwanza. Strabo, mwandishi wa Kiyunani, aliandika habari za watu wa visiwa vilivyo mashariki ya Hispania. Watu hao walituma wajumbe kwa Warumi kuomba wapewe nchi nyingine ya kukaa, kwa sababu sungura wamewashinda. Naye akasema kwamba inasimuliwa wanyama wale wote walitokana na dume mmoja na jike mmoja, walioletwa na mtu kutoka ng'ambo.

Mkifika hapo, simameni kidogo. Wawili tu, na watu wazima wanaomba kuhama!

Miaka mingi baadaye jambo hilo likatokea tena. Katika miaka ya 1420 hivi Wareno walikwenda kukaa katika kisiwa cha Porto Santo, katika bahari iliyo magharibi ya Moroko. Mkubwa wao, Bartolomeu Perestrelo, alichukua jike la sungura, nalo likazaa njiani wakiwa chomboni. Walipofika wakamfungulia pamoja na watoto wake. Kisiwani hapakuwa na mnyama wa kuwala. Baada ya muda mfupi kila kilichopandwa kililiwa. Waliwaua kwa maelfu, bila ya faida, na watu ikawabidi kukiacha kisiwa kwa muda.

Kabla ya kuendelea, nataka kukuonya juu ya hadithi moja. Vitabu vingi husimulia kwamba mnamo mwaka 600 Papa aliwaruhusu watawa kula watoto wachanga wa sungura siku za kufunga, na kwamba ndivyo ufugaji ulivyoanza. Mwaka 2018 wataalamu walikwenda kuyatazama maandishi yenyewe ya kale, wakakuta hakuna ruhusa ya namna hiyo. Basi ukisoma jambo katika vitabu kumi, usidhani kwamba mashahidi ni kumi. Huenda tisa walinakili kwa mmoja.

Sasa twende Australia, maana huko ndiko kosa lilipokuwa kubwa kuliko pote. Sungura watano walifika pamoja na merikebu za kwanza za Waingereza mwaka 1788, na wengine wakaletwa baadaye. Hao wa mwanzo hawakuenea sana. Ndipo tajiri mmoja, Thomas Austin, mwenye shamba la Barwon Park katika jimbo la Victoria, akaagiza sungura kutoka kwao Uingereza ili apate kuwinda kwa bunduki pamoja na wageni wake. Walifika 24, siku ya Krismasi mwaka 1859. Hawa walikuwa na damu ya porini. Mwaka 2022 wataalamu waliochunguza damu na nasaba za wanyama hao walieleza kwamba sungura wengi wa Australia wa leo wanatokana na shehena ile moja. Serikali ya Australia Magharibi ilijenga ua wa waya kati ya mwaka 1901 na 1907. Zilikuwa nyua tatu, na urefu wake wote ulizidi kilomita 3,000. Sungura walipita vile vile. Mpaka leo, katika jimbo la Queensland, mtu wa kawaida haruhusiwi kufuga sungura nyumbani kwake, hata mmoja wa kuchezea watoto.

Labda utasema, "Hao walikuwa wa porini. Wangu yumo kizimbani." Vema. Basi sikiliza habari za Wamarekani. Kuanzia mwaka 1898 hivi, hasa katika jimbo la California, watu waliingiwa na wazimu wa sungura mmoja mwekundu, mrefu, mzuri sana kumtazama. Wengine walilipa mamia ya dola kwa dume mmoja. Kila mtu alinunua ili azalishe, na alizalisha ili amwuzie mwingine atakayezalisha. Hakuna aliyeuliza yule wa mwisho atamwuzia nani. Miaka michache tu ikapita, bei ikaanguka kama embe bivu, na waliokuwa na mabanda yaliyojaa wakabaki nayo. Hapa hapakuwa na pori wala kisiwa. Mabanda yalikuwa na milango, na milango ilifungwa sawasawa.

Sababu ya mambo haya yote imo katika maumbile ya jike. Hangoji msimu kama wanyama wengine. Yai lake hutoka baada ya kupandwa, ndiyo sababu hakosi kwa urahisi. Hubeba mimba siku 31 hivi, na siku ile ile aliyozaa aweza kupandwa na kushika mimba tena, huku ananyonyesha. Watoto wake wakifika miezi minne hivi, nao waweza kuzaa. Kwa hiyo mfugaji anayejua kazi yake huwatenga madume na majike wakiwa na majuma 10 mpaka 12, na humwomba mtu mzoefu awatazame, kwa sababu wakiwa wadogo ni rahisi kukosea. (Jirani yangu simlaumu tena.) Hawatoi watoto kwa mama kabla ya majuma manane. Na akimwona mama hayupo karibu na kiota, hafadhaiki: jike hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, kisha huondoka.

Daktari wa wanyama aweza kumhasi dume au kuondoa kizazi cha jike. Kwa jike kuna faida nyingine, kwani majike yasiyofanyiwa hivyo hupata sana saratani ya kizazi yakishakuwa na umri. Lakini dume aliyehasiwa leo usimrudishe kwa majike kesho. Mbegu hubaki mwilini mwake kwa majuma kadhaa.

Huko Marekani, miaka karibu tisini baada ya wazimu ule wa sungura mwekundu, watu wachache walianza kutazama upande wa pili wa mambo, yaani wale waliokwisha kuzaliwa wakakosa mtu. Desturi ilikuwa kuwanunulia watoto sungura siku za Pasaka. Mnyama yule akitunzwa vizuri huishi miaka 8 mpaka 12, lakini hamu ya mtoto huisha baada ya miezi michache. Sungura wakatupwa katika bustani au wakapelekwa katika nyumba za kuhifadhi wanyama, na huko wengi waliuawa kwa kukosa wa kuwachukua. Mwaka 1988 chama kiitwacho House Rabbit Society kilianzishwa California. Wanachama wake waliwachukua sungura hao majumbani mwao, wakawahasi, kisha wakawatafutia watu wa kuwalea. Mtu akitaka mmoja huulizwa maswali kwanza: atalala wapi, atakula nini, ni nani atakayemtunza ukisafiri. Wako walioona ni dharau kuhojiwa kwa ajili ya sungura. Mimi naona mtu asiyeweza kujibu maswali hayo matatu amekwisha kujibu.

Mwaka 2017 jimbo hilo hilo la California likatunga sheria, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Duka la wanyama haliwezi tena kuuza mbwa, paka au sungura waliozalishwa kwa biashara. Sheria hiyo ilitaka wanyama hao watoke katika nyumba za kuhifadhi au vyama vya kuwaokoa.

Sasa mwalimu ataandika ubaoni maneno haya, nanyi mtayanakili: dume, jike, mimba, kizimba, kuhasi. Kisha fanyeni hesabu hii. Jike mmoja huzaa watoto sita kila mara, na mwaka huu amezaa mara tano. Je, amezaa watoto wangapi? Andika jibu. Chini ya jibu lako andika majina ya nyumba za mtaani kwako ambazo zingemchukua mmoja kumlea, si kumla. Leteni karatasi zote mbili juma lijalo.