Mkono wa Baba

Mkono wa baba ulianza kutetemeka mwaka 1991, kwetu Mufindi, Iringa. Majirani walisema karogwa, wengine, uzee. Kumbe daktari James Parkinson wa London aliueleza ugonjwa huo tangu mwaka 1817, na dawa yake, levodopa, ilianza kutumika miaka ya 1960. Habari hizo hazikutufikia. Hata miaka ya 2000, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta wagonjwa 33, wengi wao hawajapata kuambiwa wanaumwa nini.

Mimi nilikuwa Mbeya, nikituma fedha. Mama ndiye aliyemfungia vifungo vya shati na kumshikia kikombe cha chai, miaka tisa. Kila nilipofika nilimwuliza hali ya baba. Hali yake mwenyewe sikumwuliza hata mara moja.