Utii wa Mtu Huru: Habari za Mwanzo wa Kanisa Letu Unguja na Pemba

Wingwi iko kaskazini-mashariki ya Pemba, katika wilaya ya Micheweni. Upande huo wa kisiwa ardhi ya mawe ni nyingi. Wenyeji hulima, hufuga na kuvua, na karibu wote ni Waislamu. Mkristo aendaye kukaa huko, awe mwalimu au mtumishi wa Serikali, huwa mmoja kati ya wengi. Hasikii kengele ya kanisa, husikia adhana. Naye yawezekana akauliza, Nitaishije hapa kama Mkristo? Twaona vema kumjibu kwa habari za wazee wetu, maana Kanisa letu katika visiwa hivi lilianza na watu wachache, wasio na kitu ila walichopewa.

Mwaka 1857 Dr. Livingstone alisema na wanachuo wa Cambridge, na kwa maneno yake Misioni yetu ikaanzishwa. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa karibu na mto Shire mwaka 1862. Mwaka 1864 Askofu Tozer, pamoja na Dr. Edward Steere, akaja kukaa Unguja. Hapo Sayyid Majid akampa Askofu wavulana watano, waliotolewa katika jahazi la watumwa. Wawili kati yao walikuwa John Swedi na George Farajallah. Basi angalieni, ndugu: wanafunzi wa kwanza wa Misioni hatukuwapata kwa nguvu zetu, bali tulipewa na Sultani Mwislamu.

Mwaka 1873 Sayyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi wa kanisa kuu mahali pale pale. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na Padre Arthur West. Sehemu nyingine ilitolewa bure na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindu. Saa ya mnara ilitolewa na Sayyid Barghash mwenyewe. Askofu Steere aliisimamia kazi ile miaka mingi, na alipokufa mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare. Kwa hiyo mtu asijivune mbele ya jirani zake wa dini nyingine. Nyumba yetu iliyo kubwa imesimama juu ya zawadi zao pia.

Katika Pemba mambo yalikuwa mazito. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ikasalimika. Mashamba yakazidi, na watumwa wakatakiwa zaidi. Hata Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed akatoa amri kwamba mtumwa aombaye uhuru wake mbele ya hukumu apewe. Mwaka huo huo Wakristo waitwao Marafiki walifika Pemba, wakaweka shamba lao Banani, karibu na Chake Chake, ili walioachwa huru wapate kazi ya ujira. Misioni yetu nayo ikajenga Wete. Lakini wengi walibaki katika mashamba yale yale ya zamani, maana hati ya uhuru haimpi mtu shamba wala nyumba. Utumwa haukukoma kabisa hata mwaka 1909.

Sasa tufikiri. Katika sura ya 17 ya Injili ya Luka, Bwana wetu asimulia habari za mtumwa atokaye kulima, ambaye hudumu kumhudumia bwana wake kabla ya kula mwenyewe, wala hangoji kushukuriwa. Mara baada ya hayo twasoma habari za wakoma kumi waliotakaswa, na mmoja tu akarudi kushukuru, naye mgeni. Katika Biblia yetu ya Kiswahili neno lililowekwa pale ni mtumwa. Kwa wasomaji wengi duniani hilo ni neno la kale. Kwa John Swedi lilikuwa neno la mwili wake mwenyewe. Aliwezaje kijana aliyetolewa katika jahazi kukubali kuitwa mtumwa tena?

Twaona jibu katika mkoma yule mmoja. Mtumwa wa shamba hutii kwa kuogopa kiboko. Kiboko kikiondoka, utii nao huondoka. Lakini aliyeponywa hurudi kwa hiari yake, wala hakuna amvutaye. Utii wake ni shukrani yenye miguu. Na unyenyekevu wake si kujidharau, bali ni kukumbuka alikotolewa. John Swedi aliwekwa shemasi mwaka 1879. Na shemasi, kwa maana ya jina lake, ni mhudumu. Kazi ya kuhudumu, ambayo hapo kwanza watu walishurutishwa, yeye aliitwaa akiwa mtu huru.

Lakini yatupasa kuangalia sana, hasa sisi tulio walimu na wakubwa wa makanisa. Utii apewao Mungu usigeuzwe kuwa mali ya wanadamu. Cecil Majaliwa, naye aliyekuwa mtumwa, alipewa ukasisi mwaka 1890, wa kwanza wa Waafrika katika Misioni yetu. Ikapita miaka 80 hata John Sepeku alipokuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Jimbo la Tanzania, mwaka 1970. Wazee wetu walihimizwa kungoja, wakangoja kwa unyenyekevu. Lakini waliowahimiza hawakuwa sikuzote na unyenyekevu uo huo. Mwalimu atakaye kutiiwa na atii kwanza. Asimwite mtoto mkaidi kwa sababu ameuliza, wala asidai heshima ambayo yeye mwenyewe hampi mzee wa mtaa.

Basi Mkristo akaaye Wingwi, au po pote alipo mmoja kati ya wengi, asihuzunike. Na afanye kazi yake kwa uaminifu hata ambapo hakuna amtazamaye. Jirani akimletea samaki au muhogo, apokee kwa shukrani, naye asiwe mgumu wa kutoa. Kukiwa na msiba, aende. Akisifiwa, akumbuke mtumwa yule wa Injili. Akisahauliwa, amkumbuke pia.

Mungu aliyewatoa wazee wetu utumwani atujalie moyo wa kurudi kumshukuru, kila mtu kwa hiari yake. Amina.