Risasi ya Magnum Iliyodharauliwa



Neno magnum si geni kwa wazee wetu waliosikia Misa kwa Kilatini. Maana yake ni "kubwa", na wimbo wa Bikira Maria tunaouita Magnificat umetoka katika shina lilo hilo. Wauza divai wa Ulaya walilitwaa neno hili wakaipa chupa ya lita moja na nusu, ambayo ni chupa mbili katika moja. Baadaye mafundi wa bunduki wa Uingereza wakaliazima nao: risasi ambayo ganda lake hubeba baruti kupita desturi, wakaiita magnum.

Leo twataka kueleza habari za risasi moja ya namna hiyo. Labda mtauliza: "Habari za risasi zatufaa nini sisi watu wa Kisangani? Je, hatujazisikia za kutosha?" Swali hilo ni la haki. Tulizisikia mwaka 1964, siku za Wasimba. Tukazisikia tena toka tarehe 5 hata 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu, na watu wetu wakafa kwa mamia. Lakini kwa sababu hiyo hiyo yatupasa kujua kwamba risasi ya vita ni kitu kimoja, na risasi ya mwindaji ni kitu kingine. Wanaozichanganya huwatesa wanyama bure, na mara nyingine hurudishwa nyumbani wakiwa maiti.

Bunduki zilivyofika kwenye maporomoko

Wazee wetu waliwinda kwa nyavu, kwa mikuki, kwa mishale na kwa mashimo. Wawindaji wa nyavu walikwenda wengi pamoja, na nyama waliigawa pamoja. Mwezi wa Januari 1877 Stanley alipita kwenye maporomoko haya akishuka na mto. Nyuma yake wakaja watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja, wakitafuta pembe za tembo. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji akamfanya Tippu Tip huyo kuwa liwali wa Stanley Falls. Pembe zilikwenda pwani, na bunduki zikaja bara.

Bunduki zenyewe zilikuwa za namna gani? Nyingi zilikuwa gumegume na magobori. Mtu humimina baruti kwa mdomo wa mtutu, hushindilia kwa ufito, hutia risasi au vipande vya chuma, hushindilia tena. Akikosa shabaha, hana nafasi ya pili. Mvua ikinyesha, baruti inalowa. Na huku kwetu ni siku ngapi hazina mvua?

Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, yakafanya mapatano juu ya biashara ya watumwa na ya silaha. Katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini mwa ikweta hata digrii 22 kusini mwake, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu. Kwa biashara ziliruhusiwa gumegume tu, pamoja na baruti ya kawaida. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwazuia wakamata watumwa, nayo ilikuwa nia njema. Lakini matokeo yake kwa mwindaji wetu tuyaseme wazi: bunduki nzuri ilibaki mikononi mwa serikali na mwa Wazungu. Hata katika miaka ya utawala wa Wabelgiji, Mkongo aliyepewa ruhusa ya kuwinda kwa kawaida alipewa ruhusa ya gobori. Fundi wa kijiji alipojifunza kuunda bunduki kwa bomba la chuma, watu wakaiita pupu. Kwa chombo hicho mtu alimkabili nyati. Basi tusishangae kusikia kwamba wanyama wengi walikwenda na jeraha, wakafia mbali bila kuliwa na mtu, au wakamngojea mwindaji kichakani.

Ugomvi wa Wazungu wenyewe

Wazungu nao hawakupatana juu ya risasi. Kundi moja lilisema: mnyama mkubwa ataka risasi nene. Hao walibeba bunduki za mitutu miwili, kama ile iitwayo .600, ambayo kichwa cha risasi yake kina gramu 58 hivi. Bunduki yenyewe yaweza kufika kilo 7, nayo humpiga teke begani mwenye kuifyatua mpaka akayumba.

Upande wa pili alisimama Mskoti mmoja, W. D. M. Bell. Aliwinda tembo Karamoja katika Uganda, na katika nchi ya Lado, ambayo wakati ule ilishikwa na Leopold, mpaka mfalme huyo alipokufa mwaka 1909. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimita 7, yenye kichwa cha gramu 11 tu. Aliwezaje? Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi, akajizoeza mpaka akawa hakosi. Wengine waliomwiga bila kuwa na macho yake na utulivu wake walijuta. Hatumsifu kwa idadi ile ya tembo. Twataja tu fundisho lake: risasi haina akili, ni mtu anayeilenga.

Katikati ya makundi hayo mawili, mwaka 1912, nyumba ya Holland & Holland ya London ilitoa risasi yake mpya, .375 Magnum. Kipenyo chake ni milimita 9.5 tu. Wapenzi wa bunduki nene waliitazama wakasema ni ndogo mno kwa tembo na nyati. Wapenzi wa risasi nyembamba wakasema ni kubwa bila sababu. Ikadharauliwa huku na huku, kama mtu wa kati anavyodharauliwa na wagomvi wote wawili.

Kwa nini ni njema

Tuifungue tuitazame. Ganda lake la shaba lina urefu wa milimita 72. Karibu na kitako umezungushwa mkanda wa shaba. Ganda limechongwa jembamba kuelekea mbele, na mabega yake ni madogo. Kama si mkanda ule, risasi ingeweza kuzama mno ndani ya mtutu. Mkanda huishika mahali pake.

Wembamba huo wa mbele una faida nyingine. Baruti ya Waingereza ya siku zile, kordaiti iliyofanana na tambi, ilipata nguvu za kupita kiasi katika joto la nchi zetu. Maganda ya risasi nyingine yalivimba yakanata ndani ya bunduki, na mwindaji akabaki anavuta komeo huku nyati anakuja. Ganda la .375 huingia na kutoka upesi, kwa kuwa limechongwa hivyo.

Kichwa chake kizito cha gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Uzito humfanya apenye mfupa na nyama nene. Mwendo humfanya aende karibu moja kwa moja hata mbali. Viko pia vichwa vyepesi zaidi, vya gramu 17.5 na vya gramu 15.2 hivi, na katika bunduki nyingi vyote vitatu hupiga karibu mahali pamoja kwa mita 100. Kwa hiyo bunduki moja ya kilo 4 au zaidi kidogo yatosha kwa swala wa mbali na kwa nyati wa karibu. Teke lake ni kali, lakini mtu wa kawaida aweza kulizoea bila kufumba macho. Na jambo hilo ni kubwa kuliko yote, maana mtu anayeogopa bunduki yake hawezi kulenga.

Miaka ikapita, na dharau ikajibiwa na wakati wenyewe. Viwanda vya Marekani vilianza kutengeneza risasi hii mwaka 1925, na mwaka 1937 kiwanda cha Winchester kikatoa bunduki yake pia. Mwaka 1956 kiwanda hicho hicho kilitoa .458 Magnum, nene zaidi. Wengi waliikimbilia, lakini ganda lake lilikuwa fupi, na katika risasi zake za mwanzo baruti ilishindiliwa sana mpaka mara nyingine haikuwaka vizuri. Mwindaji alisikia mlio hafifu mbele ya mnyama mkali. Halafu, karibu na mwaka 1970, kiwanda cha Kynoch cha Uingereza kiliacha kutengeneza risasi nene za zamani. Bunduki nyingi za fahari zikatundikwa ukutani zikawa pambo. Ile ndogo iliyodharauliwa iliendelea kununuliwa, na hata leo inatengenezwa.

Dharau ya siku zetu

Lakini iko dharau nyingine, nayo ni mbaya kuliko ile ya Wazungu wa zamani. Ni dharau ya mtu anayesema: "Risasi ni risasi. Zote zaua." Mtu huyo huchukua Kalashnikov, silaha ya vita, akaenda nayo porini kumtafuta tembo. Kichwa cha risasi ya Kalashnikov kina gramu 8 hivi. Nguvu ya magnum yetu ni karibu mara tatu ya nguvu hiyo. Kwa kuwa anajua risasi yake ni haba, hupiga 10, hupiga 20. Mnyama hukimbia na vyuma mwilini, akateseka siku nyingi.

Mwingine huchukua bunduki ya kalibri 12 na fataki za zero-zero, zenye marisau makubwa 9. Kwa mboloko au nguruwe wa porini aliye karibu, zafaa. Akimpiga nyati kwa marisau hayo hayo, amemkasirisha tu. Na watakaomkuta nyati yule kesho ni nani? Ni mama anayekwenda shambani, ni mtoto anayekwenda kuchota maji.

Je, twawaambia wasomaji wakanunue magnum? Sivyo. Sheria ya tarehe 28 Mei 1982 imeweka utaratibu wa uwindaji katika nchi yetu: pasipo kibali hakuna kuwinda, na wako wanyama ambao mtu haruhusiwi kuwagusa kabisa. Okapi ni mmoja wao. Tembo wa msituni mwaka 2021 alitajwa na wataalamu wa dunia kuwa katika hatari kubwa sana ya kutoweka. Katika jimbo letu la Tshopo na Maniema, mwaka 2016 ilifanywa hifadhi ya Lomami ili wanyama kama hao wapate kimbilio. Tembo hao wazee wetu waliwakuta wengi. Wajukuu wetu wasije wakawajua kwa picha tu.

Basi tunasifu nini? Tunasifu kipimo. Mafundi wale wa mwaka 1912 hawakujiuliza, "Tufanyeje mlio uwe mkubwa?" Walijiuliza ni uzito gani, mwendo gani na teke gani vyafaa mtu na mnyama pamoja. Wakapata kiasi cha haki, wakachekwa, nacho kiasi kile kimedumu miaka zaidi ya 100. Wawindaji wa nyavu wa zamani nao walikijua kipimo. Wavu wa mboloko hawakuutegea nyati.

Vijana wetu mnaoingia msituni mkitafuta chakula cha nyumba zenu, twajua njaa si mchezo, na twajua nyama ina bei sokoni. Hatuwahukumu. Lakini mnyama ni kiumbe cha Mungu. Kama umeruhusiwa kumwua, umeruhusiwa kumwua mara moja, si kumtesa. Ukimjeruhi, fuata damu mpaka mwisho, na ukishindwa kumpata, waonye watu wa vijiji vya karibu. Na kama huna mkononi risasi impasayo, mwache apite.