Nyumba za Mawe za Ibo

Katika kisiwa cha Vamizi, kaskazini mwa Msumbiji, watu hujenga kwa miti, udongo na makuti. Ukishuka kusini kwa jahazi hadi kisiwa cha Ibo, utakuta mitaa mizima ya mawe. Nyumba ni za chini. Mbele kuna baraza pana lenye nguzo nene linalotazama barabara, nyuma kuna ua, na jiko limejitenga. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa ya tanuri, kisha zikapigwa lipu. Wenye hati za nyumba walikuwa Wareno, machotara na Wahindi. Kazi ya kuchonga mawe na kuchoma chokaa ni ya mafundi wa pwani, na mimi nahesabu nyumba hizi kuwa zao.

Fedha iliyozijenga ilitoka kwenye pembe za ndovu na watumwa. Watu walitolewa bara, wakapakiwa merikebuni kupelekwa Mauritius na Réunion kulima miwa ya Wafaransa. Anayesifu nguzo akalinyamazia hilo amewadhulumu waliouzwa. Ngome ya Ibo, São João Baptista, yenye umbo la nyota, ilikamilika 1791. Haikupita miaka mingi, Wasakalava wa Bukini (Madagaska) wakavuka bahari kwa mitumbwi, wakateka nyara visiwa hivi na kupanda kaskazini hadi Mafia. Baadaye ngome hiyohiyo ikawa gereza, na polisi wa siri wa Ureno waliwafunga humo wapigania uhuru.

Kilichoiangusha Ibo ni kina cha maji. Meli za moshi zilitaka bandari yenye kina kirefu, na Kampuni ya Nyasa ikahamishia makao yake Porto Amélia, Pemba ya leo. Uhuru ulipofika 1975 wenye nyumba wengi waliondoka, na mizizi ya miti ikapasua kuta. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiling'oa mapaa. Vita vya waasi vilivyoanza katika eneo hili 2017 vikafika Vamizi 2020, na wakimbizi wengi wa pwani hii wakapokewa Ibo.

Sasa kuna hatari nyingine: saruji. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, jiwe likamomonyoka bila kuonekana. Ukuta usio na paa nao hunyeshewa kutoka juu hadi ukabomoka. Basi mwenye nyumba, na wewe mfadhili, anzeni na paa, kisha mtafuteni fundi anayejua kuchoma chokaa, na mlipeni vizuri ili afundishe vijana.