Mitego ya Panya ya Talbot
Agosti 1835, katika nyumba hii ya Lacock, Uingereza, William Henry Fox Talbot alielekeza kamera yake, kisanduku cha mbao, kwenye dirisha lililo mbele yako. Negativu aliyoipata, kubwa kidogo tu kuliko stempu, ndiyo kongwe kuliko zote za kamera zilizosalia. Mkewe, Constance, aliviita visanduku vya aina hiyo mitego ya panya, na kweli vinafanana.

Wanaofufua njia hii ya kupiga picha leo huunda kisanduku na kuandaa karatasi kwa mikono yao. Huichovya kwenye maji ya chumvi, huikausha, kisha kwenye mwanga hafifu huipaka nitrati ya fedha kwa brashi. Ikipigwa na jua hugeuka zambarau, halafu kahawia. Ukijaribu, vaa glavu: tone moja la nitrati huacha doa jeusi kwenye ngozi kwa siku kadhaa, na sabuni haiwezi kitu.