Mtoto Mnene Si Lazima Awe Mzima

Zamani mwanamke mwenye kisukari akichukua mimba, mara nyingi alikufa yeye, au mtoto, au wote wawili. Mwaka 1921, mjini Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini, na tangu hapo akina mama wengi waliokoka. Lakini watoto wao wengi waliendelea kufa, ijapokuwa walizaliwa wanene wa kupendeza macho.

Sababu yake nini? Katika miaka ya 1950 daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen alieleza: sukari ya mama hupita katika kondo la nyuma, na mwili wa mtoto hutengeneza insulini nyingi ili kuishinda. Kitovu kikatwapo, sukari ile hukoma, bali insulini ingalipo. Basi sukari ya damu yake hushuka ghafula. Mtoto hutetemeka, hulegea, hukataa ziwa, pengine hushikwa na degedege.

Watu hudhani ni homa. Lakini tone la damu ya kisigino, likipimwa, hudhihirisha kweli. Basi tusikisie: mama wa namna hii azalie hospitali, na mtoto anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza.