Siri ya Boa Mwekundu: Venye Wafugaji Hupika Hiyo Rangi, na Swali la Kuuliza Kabla Utoe Doo

Picha zake umeziona. Nyoka mnene, mwekundu kama pilipili iliyoiva, amejizungusha kwa mkono wa msee fulani Marekani au Ujerumani, na kila mtu anauliza bei. Wengi hudhani picha imeongezwa rangi, na kusema ukweli zingine zimeongezwa. Lakini boa wekundu wako, na hakuna uchawi. Ni hesabu, subira na kuchagua nani azae na nani. Hii hapa stori yote, pamoja na ile sehemu wauzaji hupenda kuruka.

Kwanza, boa ni nani?

Usimchanganye na chatu wetu. Chatu hutaga mayai, boa huzaa watoto wakiwa hai. Kwao ni bara la Amerika, kuanzia Mexico hadi Argentina. Hana sumu, hushika windo na kulikaza hadi damu ishindwe kuzunguka. Jike mkubwa hufika mita 2 hadi 3, na akitunzwa fiti anaweza kuishi miaka 20 hadi 30. Huyo si wa kununua leo na kuchoka naye Krismasi.

Kwa asili boa ni wa kahawia na kijivu, na wekundu huonekana zaidi mkiani. Ndio maana wale wa Suriname, Guyana na Peru huuzwa kwa jina la mkia mwekundu. Kazi ya mfugaji ni kuufanya ule wekundu upande hadi mgongoni na mbavuni.

Rangi inapikwaje?

Fikiria ukuta mwekundu uliojaa masizi ya jiko. Ukitaka wekundu uonekane, una njia mbili: ufute masizi, ama uongeze rangi. Kwa boa, masizi ni melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi. Wafugaji hutumia njia zote mbili, na majina utakayoskia sana ni haya:

*Hypo.* Jeni hii hupunguza weusi. Mtoto akirithi nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja, tayari inaonekana. Wengine huita ukoo mmoja wa aina hii Salmon, juu ya ile rangi yake ya waridi.

*Albino.* Hapa weusi unaisha kabisa, lakini lazima mtoto apate nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Akipata moja anakaa wa kawaida tu, ila ameibeba ndani kimyakimya. Kuna koo mbili maarufu, Kahl na Sharp. Ukipandisha albino wa Kahl na albino wa Sharp ukidhani umeomoka, watoto wote watatoka na rangi ya kawaida. Hizo jeni mbili hazijuani. Kuna wafugaji wamengoja miaka ndio wagundue hivyo.

*Blood.* Ukoo uliotoka El Salvador. Nao unahitaji nakala mbili, na wekundu wake ni wa kuiva kama matofali.

*Pastel.* Hii haina jeni moja ya kuonyesha kwa kidole. Mfugaji huchagua mtoto mwenye rangi kali zaidi kila uzao, anampandisha na mwingine mkali, anarudia. Inachukua vizazi, na hakuna anayeweza kukuahidi mtoto atatoka vipi.

Ukiweka Hypo na Albino ndani ya nyoka mmoja, unapata yule anaitwa Sunglow: hana weusi hata kidogo, amebaki na chungwa, waridi na nyekundu. Huyo ndiye hujaza simu za watu.

Sasa hesabu

Tuseme una Hypo mwenye nakala moja na Albino. Uzao wa kwanza hutapata Sunglow hata mmoja. Nusu ya watoto watakuwa Hypo waliobeba Albino ndani, nusu watakuwa wa kawaida walioibeba. Unawalea. Dume huhitaji kama miaka 2, jike 3 hadi 4. Kisha unapandisha Hypo wawili wa aina hiyo, na jike anabeba mimba kwa miezi kadhaa.

Sema amezaa watoto 32. Kwa wastani, hivi ndivyo watatoka: Sunglow 6, Hypo wasio albino 18, Albino wa kawaida 2, na wengine 6 wa kahawia kama babu zao. Umengoja miaka kama mitano, umepata sita. Na huo ni wastani. Unaweza kupata kumi, unaweza kupata mmoja.

Rada nyingine: rangi ya mtoto si rangi ya ukubwani. Kuna wanaoiva kadiri wanavyokua, na kuna wanaofifia hadi mwenyewe anashangaa alilipia nini. Zaidi ya hayo, boa wengine hung'aa usiku na kuwa weusi kidogo mchana. Picha moja ya mtoto iliyopigwa chini ya taa kali haikuambii mengi. Omba picha za wazazi wakiwa wakubwa, zilizopigwa kwenye mwanga wa kawaida.

Wale 26 wako wapi?

Hapa ndipo mambo huwa noma. Sita wamepata wateja. Hao 26 waliobaki nao ni boa kamili, watakula panya na kuhitaji joto kwa miaka zaidi ya 20. Mfugaji mwenye roho safi huwa amepanga watakapoenda kabla ya kupandisha. Yule wa tamaa huwatupa sokoni kwa bei ya chini, wananunuliwa na mtu asiye na mpango, na wengine huishia kuachiliwa msituni. Kisiwani Aruba boa walionekana mwaka wa 1999, wakaenea, na sasa wanakula ndege wa huko. Puerto Rico pia wameota mizizi. Kote wawili wataalamu wanaamini chanzo ni nyoka wa kufugwa.

Halafu kuna bei anayolipa nyoka mwenyewe:

1. *Ndugu kwa ndugu.* Njia ya mkato ya kupata nakala mbili ni kupandisha dada na kaka, ama mtoto na mzazi. Ukirudia sana, kasoro zilizojificha nazo hupata nakala mbili: watoto wanaozaliwa wamekufa, uti uliopinda, uzao mdogo.

2. *Jeni inayoua.* Motley ni jeni ya mchoro inayopendwa na waunga rangi. Nakala moja ni urembo. Nakala mbili, mtoto hutoka mweusi na hufa mapema. Anayepandisha Motley wawili anajua kwamba robo ya watoto wako kwa hiyo hatari.

3. *Kulazimisha ukubwa.* Badala ya kungoja miaka minne, wengine hushindilia jike chakula ili afikishe kilo haraka. Anazaa mapema, lakini ananenepa vibaya na maisha yake yanakatwa. Jike pia anafaa kupumzika baada ya kuzaa, si kurudishwa kwa dume kila mwaka.

4. *Ugonjwa.* Boa hupata maradhi ya virusi vinavyoitwa reptarena. Hayana tiba. Nyoka anaweza kuonekana mzima huku amevibeba, akaambukiza wenzake, hata watoto wake tumboni. Dume mmoja wa kuazimwa bila kupimwa anaweza kumaliza mbogi yako yote.

Na hapa Kenya?

Usijichoche. Boa wote wako chini ya mkataba wa CITES, kwa hivyo kumvusha mpaka kunahitaji karatasi, na kufuga nyoka kejani bila kibali cha KWS ni kujitafutia kesi. Cha kuchekesha ni kwamba sisi tuna boa wetu mdogo wa mchangani, anayeishi maeneo kame na kujifukia akiacha macho tu. Ng'ambo anazalishwa kwa rangi za kila aina, na bado anauzwa kwa jina la Kenya.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kama uko mahali ambapo kufuga kunaruhusiwa, uliza haya kabla ya doo kutoka mfukoni: Wazazi ni akina nani, na wana undugu gani? Mama alikuwa na miaka mingapi akizaa? Wamepimwa virusi? Ni Kahl ama Sharp? Kisha malizia na hili: ndugu zake waliotoka kahawia wako wapi saa hii?

Mfugaji wa kweli atakujibu bila kufikiria, juu anawajua mmoja mmoja. Akianza kukwepa, weka pesa yako mfukoni. Nyoka ni mwekundu sawa, lakini hiyo biashara ina masizi.